Mzee Alituacha Asubuhi

Ndila alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, msichana kutoka Mwingi ambaye bado hajaizoea baridi ya Nyeri. Chuo kilikuwa kimempeleka kufanya mazoezi katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini, na kila aliyefanya naye kazi alimsifu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Wagonjwa waliomba wadungwe sindano na yeye. Hata katika somo la kuzungumza na wagonjwa alipata alama za juu kuliko darasa zima, ingawa siku ya mtihani mgonjwa wake alikuwa Chris, mwanafunzi mwenzake, aliyejilaza kitandani na viatu vyake akijikaza asicheke.

Kosa lilitokea Jumanne, saa ya kuona wagonjwa. Asubuhi hiyo Mzee Hezekiah, aliyekuwa ameletwa hoi kwa nimonia, alikuwa amepata nafuu, na daktari akaagiza ahamishiwe wodi ya juu, ile ya wanaokaribia kwenda nyumbani. Mchana mkewe, Watiri, akaja kutoka Mukurweini kama kawaida yake. Akakuta kitanda cha mumewe kimetandikwa shuka safi na hakuna mtu. Akamsogelea Ndila, aliyekuwa ameinama mezani akijaza chati za dawa, akamuuliza mzee yuko wapi.

"Mzee alituacha asubuhi," Ndila akasema bila kuinua kichwa. "Hayuko huku tena. Ngoja nimalize hapa nikuelekeze."

Alipomaliza na kuinua macho, mama hakuwapo. Ndila akadhani mtu mwingine amemwonyesha njia, akaenda kumbadilishia mgonjwa maji ya mshipa.

Kesho yake akatumwa wodi ya juu kupeleka picha za kifua. Mzee Hezekiah alikuwa ameketi kitandani, amejifunga blanketi mabegani, akinung'unika kwamba wapishi wa hospitali hawajui kwamba uji wa wimbi unatiwa ndimu. Alipomwona Ndila akasema, "Mama hakuja jana. Ama ni mgonjwa?"

Ndila akafungua kinywa amwambie alikuja. Hapo ndipo maneno aliyomwambia yule mama yalipomrudia, na safari hii akayasikia. Alituacha asubuhi. Hayuko huku tena. Alishika reli ya kitanda. Mzee akamuuliza kama yeye pia anaumwa, naye, akimwita guka, yaani babu, akasema hapana, atarudi sasa hivi.

Aliteremka ngazi mbio. Katika faili mlikuwa na namba ya mtoto wa mzee, Theuri, na Ndila akaipiga papo hapo. Theuri alipokea kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Aliposikia ni hospitali akashukuru, akasema walikuwa wanapanga kuja kesho kuona mwili, na kwamba mama yake hataweza kuja. Tangu jana amelala tu, hali wala hasemi.

Ndila akamwambia mzee yuko hai. Hakutafuta pa kuanzia. Aliyatupa maneno hayo kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kisha Theuri akasema polepole kwamba matapeli wa simu anawajua, ila hakujua wamefikia kuchezea watu walio kwenye matanga. Akakata. Ndila alipopiga tena simu haikuingia. Ya Watiri ilikuwa imezimwa.

Akaenda kwa Bi Phyllis, mkufunzi wa wanafunzi wodini, mwanamke mfupi wa maneno machache ambaye wanafunzi walimwogopa hata akiwa amekaa tu. Ndila akamweleza yote bila kujitetea. Akamaliza kwa kusema kwamba wanaweza kumpelekea mzee simu, wamtafute jirani yeyote wa kule, mzee mwenyewe aongee na mkewe, na mambo yaishe.

Bi Phyllis akatikisa kichwa. "Mtu amemlilia bwanake usiku mzima," akasema, "halafu asikie sauti yake ikitoka kwa simu ya jirani. Unataka kumuua huyo mama kweli? Na huyu mzee naye, na kifua bado hakijapona, ajue ati wanamfanyia matanga? Leta sweta yako. Tunaenda."

Barabarani kuelekea Mukurweini manyunyu yalikuwa yanaanguka, na gari dogo la Bi Phyllis lilipanda na kushuka matuta ya kahawa na migomba bila haraka. Ndila alikuwa akingoja kukaripiwa, akaona ingekuwa afadhali. Badala yake Bi Phyllis alimwomba ayarudie maneno ya jana vilevile alivyoyasema. Ndila akayarudia. Bi Phyllis akaendesha kipande kirefu kabla ya kusema kwamba hata yeye angeenda nyumbani kulia.

"Madam, nimwambie vipi?" Ndila akauliza.

"Usimwambie ukiwa umesimama mlangoni. Hiyo tu ndiyo najua. Hayo mengine utayaona ukimwona."

Gari liliachwa barabarani, wakateremka kwa miguu kwenye udongo mwekundu unaoteleza. Boma lilijulikana kutoka mbali kwa watu. Viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa uani, wanawake walikuwa wanamenya viazi chini ya mabati ya jikoni, na jirani mmoja, Mwai, alikuwa anapasua kuni kando ya zizi la ng'ombe. Sare ya Ndila ilipoonekana mazungumzo yakakatika.

Theuri alikuja kuwalaki akiwa amekunja uso. Alikuwa mwanamume mkubwa, na macho yake yalikuwa yamevimba. Aliuliza kama wao ndio waliopiga simu. Bi Phyllis akamwonyesha kitambulisho chake cha kazi, akamsihi kwa heshima awaruhusu waonane na mama kwanza, wakiwa peke yao, halafu atawauliza lolote atakalo. Theuri akaikazia macho picha ya kitambulisho, akamtazama Ndila na sare yake, na kitu fulani kikabadilika usoni mwake. Akawapisha, akawafuata nyuma.

Watiri alikuwa amelala chumbani, ameelekea ukutani, amejifunika hadi mabegani. Mke wa Theuri, Tabby, alikuwa anamkanda miguu. Ndila hakungoja kupewa kiti. Akapiga magoti kwenye saruji kando ya kitanda ili uso wake uwe karibu na wa mama, akangoja mpaka Watiri alipogeuka mwenyewe.

"Shosho, unanikumbuka?" akauliza, akimwita kama bibi yake.

Watiri akamtazama sana. "Wewe ni ule wa kuandika," akasema.

Ndila akalimeza hilo. "Jana ulinisikia nikisema nini?"

"Ulisema mzee ametuacha asubuhi."

"Ndiyo, nilisema hivyo. Lakini nilitumia neno baya, shosho. Nilitaka kusema ametoka kwa wodi yetu. Amepelekwa wodi ya juu, kwa sababu amepata nafuu. Hajakufa. Mzee Hezekiah yuko hai. Nimetoka kuongea na yeye leo asubuhi, na ameniuliza mbona hukuja."

Alitamani kuongeza maneno mengine mengi, kueleza, kuomba. Akajizuia. Mikono ya Tabby ilikuwa imesimama. Uani hakukusikika hata shoka. Watiri hakulia wala hakuruka. Alijiinua polepole akakaa kitako, kitambaa cha kichwa kimepinda, akamtazama msichana aliyepiga magoti mbele yake kana kwamba anamnunua sokoni.

"Alikuwa anafanya nini?" akauliza.

"Alikuwa anakunywa uji. Ya wimbi. Alikuwa amekasirika ati haina ndimu."

Watiri akafumba macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama anacheka au analia, mpaka aliposema, kwa sauti iliyokwaruza, "Huyo ni yeye. Hakuna mtu mwingine anasumbua watu hivyo." Kisha akamshika Ndila kichwa kwa mikono yote miwili, akalia kweli, na Ndila naye akalia, na Bi Phyllis akageuka kutazama nje ya dirisha.

Theuri, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka. Baadaye walisema alikwenda nyuma ya zizi na kukaa huko peke yake, na Mwai akamfuata, wakarudi wameshikana mabega.

Habari ilipofika uani hakuna aliyejua la kufanya. Wanawake walishika viazi na visu vyao, wakatazamana. Mzee wa kanisa, Gatimu, aliyekuwa amesimama tayari kuongoza sala ya kufariji wafiwa, alianza sala ileile akaibadilisha katikati, akajikwaa, akacheka, na watu wote wakacheka naye kicheko kirefu cha kuishiwa nguvu. Mtu akasema viazi vimeshamenywa, vipikwe tu. Vikapikwa.

Ndani, Ndila alikuwa bado chini. Aliomba msamaha.

"Nilitaka kukuuliza," mama akasema. "Nilisimama hapo. Nilitaka kukuuliza, ati alikufa saa ngapi, alisema nini. Lakini ulikuwa umeinama. Nikaona nitakusumbua kazi."

"Pole, shosho. Ungenisumbua tu."

"Usiku ilikuwa mrefu, mtoto wangu." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Sasa mtoke nivae. Siwezi kuenda kumwona na hii nguo."

Walirudi Nyeri pamoja, Watiri mbele na gauni la kanisani, Theuri amejikunja nyuma na Ndila. Njiani Theuri alisema neno moja tu kwake, asante, akilisema kwa shida, na Ndila akaona hilo ni zaidi ya alilostahili.

Wodi ya juu, Mzee Hezekiah alimwona mkewe akiingia na akaanza kulalamika kabla hajafika kitandani. Alitaka kujua alikuwa wapi siku mbili. Watiri akaketi, akamrekebishia blanketi, akaushika mkono wake na hakuuachia.

"Nilikuwa na wageni," akasema.

"Wageni gani hao?"

"Utajua ukirudi nyumbani."

Mzee akashangaa kwa nini Theuri, mtu mzima, amesimama miguuni pa kitanda akipangusa macho, lakini alikuwa na neno muhimu zaidi la kusema, nalo lilihusu ndimu.

Ndila aliyasikia hayo kutoka kwenye korido. Ndipo akagundua hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Bi Phyllis akamchukua hadi benchi lililo nyuma ya jengo, akafungua bakuli la mukimo, vile viazi vilivyopondwa na mahindi, ambalo Tabby alikuwa amewafungia. Mvua ilikuwa imekatika. Walikula kwa mikono mpaka bakuli likafika nusu.

"Ijumaa," Bi Phyllis akasema, "utasimama mbele ya darasa uwaambie haya yote. Wewe mwenyewe, si mimi."

Jana Ndila angelia kusikia hivyo. Sasa mdomo ulikuwa umejaa, na chakula kilikuwa bado na joto. Akaitikia kwa kichwa, akachota tonge lingine.