Kidole cha Mwenye Kadi

Mashine ilimkataa tena. Taa yake ndogo iliwaka nyekundu, ikatoa mlio mfupi kama wa mtu anayesonya, na binti wa dirisha la bima pale hospitalini akasema bila kuinua macho:

"Pangusa, mama. Weka tena."

Alikipangusa kidole gumba kwenye gauni, akakisugua kwenye nywele za paji ili kipate mafuta kidogo, kama walivyofundishana wagonjwa wenzake, akakibandika kwenye kioo. Nyekundu. Akajaribu cha shahada, kisha mkono wa kushoto. Nyekundu. Nyuma yake foleni ilianza kuguna.

Mikono ile haikuwa na kosa jingine ila kazi. Tangu usichana wake alikuwa akifua mashuka ya hospitali hiyohiyo, katika chumba cha nyuma ambacho mvuke wake haukuwa na pa kutokea, na dawa ya kung'arisha ilikuwa imezila ncha za vidole vyake mpaka zikawa laini kama ganda la yai.

"Mwenye kadi leo haji?" aliuliza binti.

"Anakuja."

"Basi kaa pale umsubiri. Wenzako nao wanaumwa."

Mwenye kadi alikuwa mumewe, mtunza ghala wa kiwanda cha saruji. Kwenye kadi ile ya bima mke aliandikwa mtegemezi, na utaratibu ulisema kwamba kidole cha mtegemezi kisiposomeka, cha mwenye kadi kitasimama badala yake. Zamani jambo hilo lilikuwa mzaha. Kila alipougua, mume alifuatana naye hadi dirishani, akaweka gumba lake nono, taa ikawaka kijani. Wafuaji wenzake walikuwa wakimtania: "Sisi tumeolewa na wanaume, mwenzetu umeolewa na kidole gumba!" Naye alikuwa akicheka kuwashinda wote.

Hayo yalikuwa kabla mume hajahamia kwa mwanamke mwingine upande wa pili wa mji, na kabla figo hazijagoma. Sasa kila wiki hakuwa na budi kuketi kando ya mashine ya kusafisha damu, na kila mara kidole kile sharti kiombwe, kingojwe, kibembelezwe, kitoke kwenye nyumba ambayo yeye hakuruhusiwa hata kubisha hodi.

Hakuwa amekaa akifuta machozi. Alishakwenda hadi ofisi ya bima, akapokewa na kijana aliyefunga tai, mwenye adabu nyingi.

"Njia zipo, mama. Tena si moja," alisema kijana yule, akikunja vidole kimoja kimoja. "Madhali hamjaachana rasmi, unabaki kwenye kadi ya mzee. Talaka ikitoka, jina lako linatoka nayo. Hapo unaweza kujiunga mwenyewe, kwa hiari. Ila ugonjwa unaoingia nao hatuulipii mpaka mwaka wa kusubiri uishe. Au mwajiri wako akuandikishe."

"Mwajiri wangu ni wakala wa usafi na ulinzi. Anasema mimi ni kibarua."

"Tangu lini?"

"Tangu sijaota mvi."

"Hiyo basi tuiweke kando."

"Na huo mwaka wa kusubiri, figo nazo zitasubiri?"

"Ni utaratibu, mama."

"Sikukuuliza jina lake, mwanangu."

Kijana alikuwa ameirekebisha tai yake, akamwita mteja aliyefuata.

Mume aliwasili jua likiwa limeshapanda, viatu vikimeta, bahasha kwapani. Hakwenda dirishani. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akaketi kwa uangalifu ili suruali isijikunje.

"Habari za tangu juzi, mama watoto?"

"Unaniona."

"Sijaja kugombana."

"Umekuja kuweka kidole."

"Kidole nitaweka. Lini nimekataa?" Alifungua bahasha, akalaza karatasi juu ya goti. "Ila leo na wewe uweke chako."

Mume aliisoma taratibu, kwa sauti ya chini. Ilisema kwamba mke aliondoka kwa ridhaa yake mwenyewe, na kwamba katika nyumba ile hana fungu lolote.

"Ukikubali," alisema mume, "mahakamani siendi. Talaka tunaiacha ilale. Kadi yako inabaki, matibabu yanaendelea, kila mtu anapumua. Ukikataa, Jumatatu naifungua kesi, na nafasi yako kwenye kadi inakwenda kwa mwenye haki."

"Mwenye haki anaumwa nini?"

"Ana mimba."

Mke aliinamisha macho sakafuni. Miguu yake ilikuwa imevimba, kamba za viatu zikiwa zimezama ndani ya nyama. Kila pumzi aliivuta kama ndoo kutoka kisimani.

"Ile nyumba," alisema, "matofali ya chumba cha mbele alinunua nani?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Na bati? Wewe ulipokaa bila kazi miaka ile, waliokuwa wakila pale walikula jasho la nani? Mtegemezi anauliza."

Mume alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Nyumba utaifanyia nini na hali hii? Kuwa na akili, mwanamke. Mimi nakuhurumia." Akatoa mfukoni kikopo bapa cha wino wa muhuri, akakifunua na kukiweka kwenye benchi katikati yao.

"Wino wa nini? Kuandika najua. Barua za posa nilikuwa nikikujibu kwa mkono huu."

"Najua. Lakini mtu anaweza kuikana sahihi yake. Kidole hakikaniki."

Kwanza alimtazama kana kwamba hakusikia sawasawa. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha kweli, cha chumba cha kufulia, hata foleni nzima ikageuka.

"Wewe!" alisema, akijishika ubavu. "Wewe wa kuniletea mimi wino? Miaka yote umesimama pale dirishani kwa ajili ya vidole hivi, umevisahau leo?"

Mume aliitazama mikono ile, na uso ukamsawijika. "Basi utaandika jina. Kalamu ninayo."

Lakini yeye alikuwa ameshalizamisha gumba ndani ya wino mpaka kiungo cha kwanza. Aliinuka. Aliipita karatasi, akaipita foleni, akafika dirishani na kukikandamiza kidole kwenye kioo cha mashine kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Mashine ilisonya. Nyekundu ikawaka chini ya weusi.

"Mama! Umeichafua!"

"Si mnataka alama? Alama zangu mnazo ninyi. Kazitafuteni kwenye mashuka yenu."

"Rudi hapa!" Mume alikuwa amesimama, karatasi mkononi. "Nikitoka hapa sirudi tena, nakwambia!"

"Nenda. Kidole chako kampelekee mkeo."

Akausukuma mlango wa wodi.

Ndani, viti virefu vilikuwa vimepangwa kando ya mashine, kila kimoja kimetandikwa shuka jeupe. Alikiendea kiti chake cha siku zote, akaketi, akaikunja nguo ya mkono wa kushoto hadi begani. Muuguzi alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akairudia kompyuta.

"Ruhusa haijaingia, dada."

"Haitaingia. Nichome."

"Nikikuchoma bila ruhusa, kesho niko mitaani. Nina watoto."

"Sikulaumu. Lakini na mimi sitoki."

Muuguzi alinyanyua simu. Hazikupita dakika nyingi mlinzi akaingia, mtu mzima mwenye sare iliyompwaya, akavua kofia kama aliyeingia msibani.

"Mama yangu, tafadhali. Usinitie matatani. Wakubwa wamesema utoke."

"Wewe umeajiriwa na nani?"

"Na wakala."

"Wakala wetu yuleyule?"

"Yuleyule."

"Una kadi?"

Mlinzi alimgeukia muuguzi. Muuguzi akajifanya anapanga sindano. Mgonjwa wa kiti cha jirani, damu yake ikizunguka ndani ya mipira, alifumbua macho, akangoja jibu.

"Shuka hili nimelifua mimi," alisema mwanamke. "Mkinitoa, nitoeni nalo."

Mlinzi alibaki amesimama, kofia mkononi, hasongi mbele wala harudi nyuma. Kupitia kioo cha mlango, mwanamke alimwona mumewe. Hakuwa ameondoka. Alikuwa ameketi tena kwenye benchi, amekunja nne, karatasi juu ya goti, kalamu tayari, ametulia kama mtu anayejua kwamba hana haja ya kuharakisha. Kikopo cha wino kilikuwa bado wazi kando yake.

Mwanamke aliondoa macho mlangoni. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa juu ya kiti, mshipa umetuna, unangoja sindano. Mashine ya kando yake ilikuwa kimya. Na pale mkono wa kulia ulipoushika ukingo wa kiti usiuachie, shuka jeupe lilikuwa limepata doa jeusi la mviringo, lisilo na mstari hata mmoja.