Mpira Hautoki Jasho

Kitenge alilipwa kucheza mpira kule Elisabethville mpaka goti lake lilipovunjika. Akarudi kwetu Kindu akichechemea, na parokia ikampa vijana awafundishe. Mwanangu Anaclet alikuwa mmoja wao. Mimi mjane nilikuwa nawafulia jezi na kuwachotea maji, basi niliyaona yote.

Mwaka ule mfungo wa Waislamu uliingia ndani ya Kwaresima yetu. Nusu ya timu ilikuwa Waislamu, Asumani mfungaji wetu akiwamo, na finali na vijana wa Kampene, watoto wa kambi ya mgodi, ikawekwa alasiri, jua bado kali.

Bwana Godefroid, karani aliyesimamia timu za parokia, akaja mazoezini.

"Kitenge, hawa wenye kufunga uwatoe. Wale wa Kampene wanakula nyama. Hawa watalala uwanjani kama mbuzi."

"Asumani njo anabeba timu, Bwana. Nikimutoa, nitaweka nani? Wewe na kofia yako?"

Vijana wakacheka. Godefroid hakucheka.

"Sawa. Ukishindwa, vijana nampa muntu mwingine. Wewe utalinda magunia kwenye depo."

Nilimwonea huruma Kitenge. Mungu alimpa kazi moja tu mtu yule.

Kitenge hakuwaongezea mbio, alizikataza. "Mpira hautoki jasho," aliwaambia. "Muache ukimbie wenyewe." Kila mmoja aguse mara moja, atoe. Walifanya hivyo saa ile ile ya jua, kila siku. Siku moja Anaclet akaacha kikombe changu cha maji.

"Mama, nitakunywaje, Asumani iko ananiangalia?"

Wakristo wengine wakamfuata. Kitenge naye hakugusa maji tena.

Siku ya finali Kampene walitufunga mapema. Godefroid akamgeukia Kitenge: "Magunia yanakungoja, baba!" Mapumziko yalipofika, wale wa Kampene walikunywa mpaka matumbo yakalia. Ndoo yangu ilikaa imejaa. Nikashika rozari.

Kipindi cha pili ndipo nilipoelewa. Mpira ulitembea mguu kwa mguu, wetu wamesimama, Kampene wakiufuata kama mtu anayekimbiza kuku wa jirani. Wakaanza kushika viuno. Anaclet akasawazisha. Kisha, wakati refa ameshaangalia saa yake, Asumani akapokea, akamwinamia kipa kama anamsalimia, akapitisha mpira upande wa pili mpaka wavuni.

Wanawake tuliingia uwanjani na vigelegele, hata mimi na nguo zangu nyeusi. Vijana walimbeba Kitenge na goti lake.

"Maji, mama!" alilia Godefroid, sauti imemkauka kwa kushangilia.

"Ngoja kidogo, Bwana," alisema Kitenge kutoka juu ya mabega yao. "Kwetu tunakunywa pamoja."

Godefroid akangoja. Adhana ya magharibi iliposikika kutoka msikitini, Kitenge akamkabidhi yeye kikombe awagawie vijana. Karani akachota, Asumani wa kwanza, kisha Anaclet, akimwita kila mmoja "mutoto yangu".

Magunia ya depo yakatafutiwa mlinzi mwingine.