Upenyo Chini ya Chuma

Kalenga alikuwa amejenga Lubumbashi kwa miaka kumi na tisa. Sasa, mwaka 1974, alipokea amri za Mwenze, kijana wa mtaa wa Bel-Air aliyeshika mwiko juzi tu. Cheo cha mkuu wa waashi kilikuwa chake, kila mtu pale alijua, lakini enjenia Kabwe alimpa Mwenze. Wivu ulimkaba Kalenga hadi chakula kikawa hakipiti.

Jengo lilikuwa la ghorofa sita, zege ndani, matofali mekundu nje. Kila ghorofa ilikuwa na chuma cha pembe kilichofungwa kwenye zege kubeba matofali ya juu yake. Chini ya chuma hicho Mwenze aliacha upenyo, usitiwe saruji hata punje, ila mpira na mastiki, gundi laini ya kuzibia.

"Citoyen, muashi muzima anaacha tundu?" Kalenga alimuuliza mbele ya watu, akitumia lile neno la serikali la "raia".

"Tofali mupya inavimba, baba, na beton, hii zege, inashuka pole pole. Bikikosa fasi, ukuta inatoka inje." Mwenze akatabasamu. "Njo maana kazi ya mastiki ninakuachia weye. Mukono yako iko safi kupita ya bote."

Sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Kila mchana wiki ile, wenzake walipokwenda kula bukari, Kalenga alishindilia saruji kwenye upenyo wote wa ghorofa ya tatu, akaifunika kwa mastiki. Ukuta ukisimama, alijiambia, atawaonyesha watu saruji hiyo, na Mwenze ataonekana wa kujidai tu.

Baada ya misimu miwili ya mvua, jengo likiwa bado linamaliziwa, matofali ya ghorofa ya tatu yalituna kama shavu lenye jino bovu, mengine yakapasuka. Kabwe alipoyaona, Mwenze akafukuzwa siku hiyohiyo, na Kalenga akapewa cheo. Alikula sahani mbili.

Jumatatu walibomoa ukuta uliotuna. Kabwe akaokota bonge la saruji chini ya chuma.

"Nani alijaza huku?"

"Njo ye, Mwenze," Kalenga akasema, bila kupepesa.

Kabwe akatazama ghorofa nyingine, zote zimenyooka, hazina ufa.

"Basi hapa alichoka. Kule kwingine kazi yake iko muzuri sana. Utajenga sawa vile Mwenze alijengaka, centimètre kwa centimètre. Usiongeze ya kwako."

Waashi wawili walicheka chinichini. Kalenga akaitika, "Ndiyo, enjenia." Cheo alikuwa nacho, na bado alikuwa chini ya Mwenze.