Viinitete Vitatu vya Evodia

Evodia, binti wa kijiji cha Mnyuzi aliyeolewa na Kaika huko Kang'ata, alimpata mtoto kwa shida. Mimba ilikuwa haishiki, hadi madaktari wa Dar es Salaam walipoyarutubisha mayai yake maabarani na kumpandikizia kiinitete kimoja. Nemayian akazaliwa. Lakini siku ile damu ilimtoka Evodia sana, na ili kumwokoa ikabidi atolewe kizazi.

Viinitete vitatu vilibaki vimegandishwa. Mtoto alipoanza kuongea vizuri, nesi wa hospitali ile ya Dar es Salaam akapiga simu: vitupwe, au wapewe watafiti? Alieleza kwamba seli za kiinitete kichanga zinaweza kukuzwa zikawa za moyo, za jicho, hata za ubongo, na watafiti wanatumaini siku moja zitatibu maradhi yaliyoshindikana.

Kaika alimwachia mkewe aamue.

"Mimi nawaona ni watoto," Evodia alimwambia.

Mama yake Kaika, Nalotuesha, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Hospitalini Korogwe waliambiwa kuna seli za ubongo wake zinazokufa. Asubuhi moja, akimnywesha maziwa, Evodia akamweleza yote.

"Hizo seli zitanituliza mikono hii?"

"Hapana, yeyo," alijibu Evodia, akimwita mama kwa Kimaasai. "Bado wanajifunza. Labda watapona wengine, baadaye."

Mama akauliza kama viinitete vitaumia. Evodia alijibu alivyoambiwa na nesi, kwamba havina bado moyo wala ubongo, na kwa udogo havifiki hata chembe ya mchanga. Nalotuesha akasema hajui kama ni sawa, ila asingependa vitupwe ikiwa kuna mtu anaweza kupona.

"Na ukitaka kulia," alisema, "lia hapa kwangu."

Evodia akalia, na mikono ile inayotetemeka ikampapasa mgongoni.

Jioni, Kaika aliporudi na ng'ombe, walimpigia nesi pamoja. Evodia akakubali wapewe watafiti. Nesi akauliza kama wangependa kujulishwa siku vitakapokabidhiwa watafiti.

"Tujulishe," alisema Evodia.

Ujumbe ulikuja mvua ikinyesha. Kaika akamwomba nduguye atoke na mifugo, yeye akabaki nyumbani. Walikaa karibu na moto, Nemayian katikati yao akitafuna hindi la kuchoma, na Evodia akakiegemeza kichwa begani kwa mumewe.