Shati Jeupe, Skafu ya Buluu

Ukitaka kujua nani kaachwa, nani kaposwa na nani kabadilisha kitasa cha mlango bila kumwambia mwenzake, hukuwa na haja ya kuzunguka mtaa. Ungeingia tu sebuleni kwa Dada Mkubwa jioni yoyote, ukavua viatu mlangoni, ukasukuma goti la mtu upate pa kukaa, na habari zingekujia zenyewe pamoja na chai. Dada Mkubwa alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Sauti yake ilizoea kushindana na masufuria, na mkono wake haukujua kupika cha mtu mmoja. Aliishi na mdogo wake, ambaye alimlea tangu wazazi walipofariki, akamsomesha kwa jasho la jikoni mpaka akapata kazi ya ofisini. Huyo mdogo mtu, mtaa mzima ulimwita Mfaransa.

Mfaransa hakuwahi kufika Ufaransa. Hata Kifaransa chenyewe alijua salamu tu, tena ya asubuhi. Lakini mavazi! Alianza kwa kutazama video kwenye simu, wanawake wa huko wanavyotoka nyumbani kama hawakujisumbua na bado shingo za watu zinageuka. Akalivamia kabati lake kama anayefukuza mwizi. Nguo zikagawiwa kwa mafungu. Vikabaki vipande vichache: shati jeupe, suruali nyeusi iliyokatwa ikakatika, fulana ya mistari, sweta la buluu iliyoiva, gauni moja jeusi, koti refu la rangi ya mchanga na skafu mbili tatu. Kila kipande kilikwenda na kingine. Umeme ukikatika alfajiri, yeye anavaa kwa kupapasa na anatoka amependeza.

"Nguo lazima iwe na marafiki watatu kabatini," aliwafundisha wanawake wa sebuleni. "Kama haiendi na nyingine tatu, hiyo ni mgeni. Itoe."

"Mume wangu hapatani na mtu hata mmoja," akasema Mama Redio, jirani yao, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimwi. "Nimtoe leo, au nisubiri mshahara utoke?"

Sebule ikaangua kicheko, vikombe vikatetemeka. Dada Mkubwa ndiye aliyecheka zaidi. Alijivunia mdogo wake huyo mpaka kero.

Basi ikatokea ofisi ya kina Mfaransa inaandaa sherehe ya kutimiza miaka kumi. Kila mfanyakazi aje na ndugu mmoja. Mfaransa, ambaye alikuwa amepandishwa cheo juzijuzi kuwa msaidizi wa mkurugenzi, ndiye aliyekabidhiwa shughuli yote: ukumbi, maua, chakula, wahudumu. Ndugu wa kumwalika hakuwa na wa kufikiria. Dada Mkubwa aliposikia, aliomba kitu kimoja.

"Mimi chakula napika kila siku, sifuati chakula. Picha sitaki. Nataka nimshike mkono huyo mkurugenzi wako, nimwambie, huyu mtoto ni wangu, asante kwa kunitunzia. Basi, nirudi zangu."

"Utamshika, dada. Nitakupeleka mbele yake mimi mwenyewe."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Wiki ya sherehe, Dada Mkubwa akatoka chumbani na gauni alilolishonesha kwa siri. Zambarau. Mikono imevimba kama mito ya kulalia, na maua ya manjano makubwa kama sahani. Akazunguka katikati ya sebule, na wanawake wakampigia vigelegele. Mfaransa alitabasamu, lakini akili yake ilishafika kwenye sherehe. Aliliona gauni lile likiingia ukumbini kabla ya mwenyewe, akawaona wenzake wa ofisini wakigusana viwiko. Akaona haya. Kisha akaona haya kwa kuona haya, na hiyo ya pili ndiyo iliyouma.

"Zuri, dada," akasema. "Ila Wafaransa wanataka mtu aonekane kabla ya nguo."

"Nikionekana kabla ya nguo si nitakuwa uchi?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Mimi siwajui hao."

Lakini alikubali. Tangu lini amemkatalia mtoto wake? Mfaransa akamnunulia shati jeupe la kipimo chake, akamtafutia suruali nyeusi na viatu bapa, akamfunga skafu ndogo ya buluu shingoni, fundo limeegemea upande. Kisha akamwambia kanuni ya mwisho, kwamba kabla hujatoka, vua kitu kimoja. Zikavuliwa hereni. Zikafuata bangili. Halafu kilemba. Dada Mkubwa akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Nimepungua," akasema.

"Umetulia," Mfaransa akamsahihisha.

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Siku yenyewe, Mfaransa alitangulia mapema kusimamia mambo, ndani ya gauni lake jeusi, koti limening'inia mabegani. Alikagua meza, akanyoosha vitambaa. Wahudumu walikuwa wamejipanga ukutani, nadhifu, wamefanana kama mayai. Wenye kampuni ya chakula walikuwa wamemuuliza wiki ile ile wavae nini, naye alijibu bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake: shati jeupe, suruali nyeusi, viatu bapa, na skafu ndogo ya buluu shingoni. Kichwani mwake hapakuwa na pambo jingine la heshima. Na kwa vile neno la wahudumu alilisema kwenye simu ya ofisini, na skafu ya dada yake aliifunga chumbani nyumbani, mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana akilini mwake hata mara moja.

Yalikutana mlangoni.

Dada Mkubwa aliingia ukumbi umeshajaa. Akasimama akiangaza macho. Msimamizi wa wahudumu, bwana mmoja wa haraka mwenye kipara kinachong'aa jasho, akamfikia kabla hajapiga hatua.

"Na wewe ndiyo unafika saa hizi? Wenzako wameshazunguka mara mbili. Shika!"

"Mimi nimekuja kwa..."

"Utanieleza baadaye. Shika, watu wana kiu."

Sinia la juisi likatua mikononi. Kwa mtu aliyelisha watoto wa watu miaka yote hiyo, sinia likishakuwa mkononi halirudi nyuma. Isitoshe, upande wa pili wa ukumbi alikuwa amemwona mdogo wake, na mdogo wake amesimama na bwana mnene wa tai nyekundu ambaye hangeweza kuwa mwingine ila mkurugenzi. Basi akaenda huko huko, na sinia lake, anatabasamu.

Mfaransa alikuwa katikati ya sifa. Mkurugenzi alikuwa akiwaambia wageni wawili wakubwa, "Huyu binti ana jicho. Hata wahudumu kawavalisha! Tazameni, hakuna anayepiga kelele kwa rangi." Wageni wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo Mfaransa akamwona mmoja wa wahudumu anamjia amejaa tabasamu, na tabasamu lile akalijua tangu utotoni.

Dada Mkubwa akafika, akasimama. Alikuwa anangoja kutambulishwa, kama alivyoahidiwa.

"Asante, mama," akasema mkurugenzi, akachukua glasi bila kuinua macho.

Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi wa Mfaransa. *Huyu ni dada yangu.* Mafupi tu. Lakini kuyasema pale kulikuwa ni kusema pia kwamba nimemvalisha dada yangu sare ya wahudumu, kwamba jicho hili mnalolisifu halijui tofauti. Akaona jinsi wageni wakubwa watakavyocheka, kwa adabu, ndani ya glasi zao. Mkono wake ukanyooka wenyewe. Ukachukua juisi.

"Asante," akasema.

Kisha akamgeukia mkurugenzi. "Kama nilivyokuwa nasema kuhusu maua..."

Dada Mkubwa akalisawazisha sinia mikononi. Halafu akasema, "Karibuni," kwa sauti ndogo ambayo Mfaransa hakujua kama anayo, akapita kwa watu wengine.

Alihudumu mpaka mwisho. Mfaransa alijaribu kumfuata kwa macho, akashindwa. Kila shati jeupe lilipopita aligeuka, na kila mara haikuwa yeye, au ilikuwa yeye na hakuwa na hakika. Hotuba zikasomwa. Mfaransa akaitwa mbele kupigiwa makofi, akasimama akatazama ukumbi mzima, na hakuweza kujua katika skafu zile zote ipi aliifunga yeye.

Kwenye teksi ya kurudi, Dada Mkubwa alizungumza na dereva. "Juisi yenyewe walizidisha maji," alisema. "Ukikoroga hivyo, mtu anakunywa rangi." Kwa Mfaransa hakusema jema wala baya. Laiti angetukana.

Nyumbani sebule ilikuwa imefurika. Nani angekosa?

"Haya, tupe!" Mama Redio akampisha kiti. "Usianze na chakula, anza na mkono. Ulimshika hukumshika?"

Dada Mkubwa akaketi, akapumua, akamtazama mdogo wake aliyesimama mlango wa jikoni. Kisha akaanza.

"Kwa mikono yake miwili! Mtu mzima yule, kaniinamia. Kaniambia, mama, umetulelea mtu, sisi tunafaidi tu."

"Wee!"

"Nikamwambia, mtunzeni, ni mmoja tu ninaye."

Vigelegele vikapasua paa. Mtu akafuta chozi kwa ncha ya kanga. Mama Redio akataka kujua mkono ulikuwaje, laini au mgumu, na Dada Mkubwa akasema laini, wa mtu asiyejua kusugua sufuria, na kicheko kikazunguka chumba. Ulikuwa uongo mtamu, umeshonwa vizuri, hauna hata uzi unaoning'inia. Mfaransa alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini aibu ilikuwa imemjaa kama chafya, na haikungoja ruhusa.

"Si kweli," akasema.

Dada Mkubwa akamkazia macho. "Wewe, nenda kaangalie chai."

"Hakumshika mkono. Nilimwona anakuja na sinia, wakamdhani mhudumu, na mimi nikanyamaza. Nilichukua juisi mkononi mwake nikamwambia asante kama simjui." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Amebeba masinia jioni nzima kwa ajili yangu."

Kijiko cha mtu kiligonga kikombe, kikaacha. Hata redio ilizimika. Mama Redio alitazama kucha zake.

"Mimi... nadhani niliacha jiko linawaka," akasema.

Mwingine akakumbuka mtoto. Wakanyanyuka mmoja mmoja bila kumtazama mwenye nyumba usoni, wakawa wanapapasa viatu mlangoni. Nyumba ile haikuwahi kubaki na watu wawili mapema hivyo.

"Kwa nini umesema?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Sikuweza kuvumilia, dada. Unanifichia, na mimi sistahili."

"Nani kakwambia nakufichia wewe?" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kule hakuna anayenijua. Kubeba sinia si kitu, sinia nabeba kila siku. Lakini hapa ndipo ninapoishi. Hawa ndio watu wangu. Kule ulinificha, sawa. Hapa umenivua nguo."

Mfaransa akapiga magoti. "Nisamehe. Jumatatu nitakwenda kwa mkurugenzi, nitamwambia kila kitu."

"Ili iweje?"

"Ili ajue wewe ni nani."

"Ili wewe upumue. Leo umeshapumua mara moja, na aliyekosa hewa ni mimi."

"Basi nifanye nini, dada?"

"Usifanye kitu. Kila ukipata wazo, mimi ndiye ninayevalishwa."

Kutoka nyumba ya pili ikasikika sauti ya Mama Redio, ya chini, ya kusimulia. Mtu akauliza kitu. Mwingine akacheka, akanyamazishwa haraka.

"Funga dirisha," Dada Mkubwa akasema.

Mfaransa akalifunga. Sauti hazikukatika. Zilikuja vilevile kupitia ukutani, ila sasa hazikuwa na maneno, na maneno ikabidi ayaweke mwenyewe.