Sentensi Tatu za Manirambona

Waliompigia makofi ni wanafunzi wangu, na aliyewaamuru ni mimi. Nalitanguliza hilo nisije nikalificha katikati ya mengine.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa Korogwe, na huu ni mwaka wangu wa nne Kibondo. Siku za kazi nafundisha sekondari. Jumatano na Jumamosi alasiri hupanda gari la shirika hadi kambi ya Nduta, kuwafundisha watu wazima wanaosubiri kuitwa kwenye mahojiano ya kuhamia nchi za mbali. Mwaka huu walikuwa kumi na wanne, wote Warundi. Maneno ya kurudishwa makwao yalikuwa yakizidi kila wiki, na kila aliyeketi mbele yangu aliking'ang'ania Kiingereza kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Najisifu, na wenzangu wananijua kwa hilo: vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na vijineno vya mwelekeo, juu, chini, nje, mbali, hakuna anayevifundisha kama mimi. Wasomi vimewatoa jasho. Kwetu mtu humezwa na kitendo. Tunasema walimtoa, walimpeleka, na huyo anayepelekwa amebaki herufi moja tumboni mwa neno. Kiingereza humsimamisha katikati: mbele yake kitendo, nyuma yake upande anakopelekwa. Nami nikabuni njia yangu. Mmoja anatoa sentensi, jirani yake anaiendeleza, mpaka hadithi izunguke darasa zima. Mara nyingi zilikuwa hadithi za mbuzi wakorofi na mama wakwe, nasi tulicheka hadi mbavu zikauma.

Jumatano ile alianza Ndayikunda, mama wa makamo anayeuza dagaa sokoni kambini. "They called him out," alisema. Walimwita atoke nje. Reverien, fundi cherehani aliyekaa kando yake, akadakia kwa wepesi wake wa siku zote: "They took him away." Wakaondoka naye. Niliwasifu wote wawili. Zamu ikamfikia Manirambona.

Huyu alikuwa fundi baiskeli, mtu wa miaka hamsini na ushei, mpole, ambaye tangu tuanze hakuwahi kufungua kinywa darasani. Nilikwisha kuzoea kumruka. Siku hiyo alisimama mwenyewe, akashika ukingo wa meza.

"He took the sweater off," alisema polepole. "He folded it up. He put it down."

Alivua sweta. Akaikunja. Akaiweka chini. Sentensi tatu kwa mkupuo, na kila kijineno mahali pake. Furaha ilinipanda kichwani. "Mpigieni mzee makofi," nikasema, na darasa likampigia kwa mdundo ule ninaowafundisha watoto wa kidato cha kwanza. Manirambona alibaki amesimama, akivitazama viganja vyake. Ndayikunda hakupiga.

Wenzake walipotoka, yeye alibaki kwenye benchi.

"Mwalimu, ile sweta ni yangu."

"Sweta gani, mama?"

"Ya kijani. Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Walipomwita mume wangu akavaa ya karibu, akavaa yangu. Sijawahi kumwambia mtu. Hata watoto sijawaambia. Ingekuwa yake angeitupa tu. Aliikunja kwa sababu ni yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda ni bahati tu, kwamba sweta ni neno la vitabuni. Hakunipa nafasi.

"Miaka tisa sijaganduka," akaendelea. "Kwetu lazima siku moja uganduke, uondoe msiba, watu wale, wanywe, ndipo uanze kuishi tena. Mimi nitauondoaje? Wakiniuliza mume yuko wapi, nasema walimwita. Basi."

"Niende kwa wakubwa wa kambi, mama?"

"Wewe fundisha, mwalimu. Jumamosi nitakuja."

Niliogopa, na sioni haya kusema. Siku mbili zilizofuata sikusahihisha hata daftari moja. Nilijiuliza mtu aliyekuwapo asubuhi ile anawezaje kukaa na jambo kama lile miaka tisa, akiketi benchi moja na mwenye msiba, kisha alitoe mbele ya mwalimu mgeni kama anayejibu zoezi. Nikaona kwamba kwa Kirundi asingeweza. Maneno ya nyumbani yana wazazi na majirani, yanamjua msemaji. Kiingereza hakikumjua mtu pale, na mimi ndiye niliyempa. Nilijiona nimemkabidhi mtu kisu huku nikijisifu kwamba nagawa vijiko. Jumamosi nilitunga hata homa, lakini gari lilipopiga honi nilipanda.

Ndayikunda alikuwa amenyoa nywele zote, kama wanavyofanya wenye msiba. Kwenye benchi la nyuma walikaa wanaume wawili nisiowajua, bila daftari wala kalamu. Manirambona alikuwa ameshafika. Alivaa shati safi lililopigwa pasi, akakaa mahali pake pa kila siku, mikono juu ya magoti. Alijua, na bado alikuja. Hilo ndilo lililonitisha kuliko wale wageni.

Niliandika tarehe ubaoni. Kabla sijageuka, Ndayikunda alisema, "Mwalimu, naomba aendelee pale alipoishia. Lakini aseme kwa Kirundi."

Mmoja wa wale wawili alikwenda mlangoni, akaushikilia wazi. "Mwalimu, tunakuomba utupishe," alisema kwa adabu. "Hii ni ya kwetu, ndugu za mumewe."

Nje niliona gari, na dereva wetu Tharsisi amelalia usukani. Ni hatua kumi tu. Miguu yangu ilikwisha kuanza kwenda.

"Abaki," Manirambona alisema kwa Kiswahili, bila kunitazama. "Yeye ndiye alinifungua mdomo."

Nikaiweka chaki mezani, nikaenda kukaa benchi la mbele, kando ya Ndayikunda. Mlango ukafungwa na komeo likatiwa.

Manirambona alisimama, akaanza. Kirundi sikijui. Nilitambua jina la mto mmoja wa kwao tu, kwa kuwa alilirudia, na kila alipolitaja Ndayikunda aliitikia kwa sauti ndogo, "Ego," yaani ndiyo, endelea. Reverien aliinamisha uso mezani. Sauti ya mzee haikupanda wala haikushuka, na ilipofika mahali fulani ikakatika. Nikageuka, nikamwona yule wa mlangoni akivua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni, akapiga hatua moja mbele. Ndayikunda hakugeuka. Aliinua kiganja kidogo tu, kumwambia bado, mzee hajamaliza.