Ndiyo ya Ziara ya Tatu

Kikundi chetu kilikutana kila Jumamosi katika karakana ya seremala, tumekaa juu ya mbao zake, na kazi yetu ilikuwa kupokea watu wanaotoka gerezani. Mtu akikaribia kutoka tulimwandikia barua kumuuliza anavaa viatu namba ngapi, maana wengi hutoka na ndala, na mtaa hutazama miguu kwanza. Kinyozi alinyoa kichwa kimoja bure. Nesi alimpima. Mwenye godoro la ziada alileta godoro, hata kama lina historia yake. Kosa hatukuuliza.

Aliyeendesha mambo yote ni mama mmoja mstaafu wa ofisi za serikali. Tulimwita Mama Faili, kwa sababu hata sokoni alikwenda na faili kwapani. Mimi waliniita Mzee Begi, kwa kuwa miaka yote niliyoishi mtaani begi langu lilikaa nyuma ya mlango, limefungwa. Nimezunguka sana. Nimepakia mbao, nimechimba visima, nimelinda maghala ya watu katika miji ambayo hata majina nimeyasahau. Shule nayo niliisoma kwa vipande. Darasa la nne nimelisoma mara tatu katika miji mitatu, la tano sikulikuta popote.

Kazi yangu kikundini ilikuwa mpokeaji. Mpokeaji huenda nyumbani kwa ndugu wa mfungwa mara tatu, siku tatu tofauti, kabla mtu hajatoka. Mara ya kwanza watu wanakujibu kwa adabu. Mara ya pili wanakujibu kwa hasira. Mara ya tatu wanatoa kilichomo moyoni. Kwa hiyo neno ndiyo la ziara ya tatu ndilo tuliloliandika kwenye fomu ya makazi. Fomu ilikwenda kwa bodi ya magereza, na bodi ikiridhika ilimruhusu mtu amalizie kifungo chake nje, chini ya uangalizi. Asipokuwa na nyumba ya kumpokea, hatoki.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja, fundi cherehani, amekaa ndani miaka saba na amebakiza miwili. Mdogo wake wa kike ndiye aliyekuwa akimlelea binti yake. Nilikwenda kwake ziara ya kwanza, nikapewa kiti na maji. "Atakuja tu baba, ni damu yangu ile." Ziara ya pili hakunikaribisha hata kibarazani. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kwani nyinyi hamna kazi? Leo mzee, kesho mzee!" Nyuma yake binti alipita na mkoba wa shule, akaamrishwa chumbani haraka, kama vile mimi ndiye mwenye ugonjwa.

Ziara ya tatu goti langu lilivimba. Mama Faili akaja na kunipa pole. "Pumzika mzee wangu, nitakwenda mwenyewe." Akaenda. Jumamosi akafungua faili, akasema, "Amesema ndiyo. Weka sahihi yako hapa, mpokeaji ni wewe." Kusoma ninasoma, ila polepole, na midomo inacheza, na watu walikuwa wananingoja. Nikaweka sahihi.

Fundi alitoka Ijumaa asubuhi, mwembamba, mwepesi wa maneno. Nikampa viatu vyake, akavivaa pale pale kando ya ukuta, akarukaruka kidogo kuvijaribu.

"Mzee, mle ndani uwanja ulikuwa hatua kumi na nne, halafu unageuka. Ukiniona nageuka katikati ya barabara nishike mkono, wasije wakasema nimetoka na wazimu."

"Ukigeuka na mimi nitageuka," nikamwambia. "Tutakuwa wazimu wawili, hakuna atakayetusumbua."

Akacheka. Tulipofika kwenye mteremko akapunguza mwendo.

"Wananingoja?"

"Wanakungoja."

"Na yeye?"

Juu ya binti sikuwa nimeambiwa neno. Fomu ilikuwa na ndiyo moja tu, ya nyumba. Lakini fundi alikuwa akinitazama usoni, na mimi, kwa kupenda kuwa mleta habari njema, nikajibu, "Na yeye pia. Tena sana."

Akafungua mfuko wake wa plastiki, akanionyesha gauni alilolishona kwenye karakana ya gereza, la kitambaa cha buluu chenye vidoti. "Nimekata kwa kukisia. Pindo nimeacha kubwa, vidole vinne. Kama amerefuka, tunaliachia tu."

Nyumba ilikuwa na pazia jipya. Nilibisha, akatoka dada mmoja nisiyemjua, mwenye povu la sabuni hadi kwenye viwiko, na mtoto mgongoni.

"Waliokuwa hapa? Wamehama, baba. Mwezi umekwisha."

"Wamehamia wapi?"

"Hawakusema. Walibeba vitu asubuhi mapema, hata majirani hawakuwaaga. Mama mmoja mkali hivi, na yule binti yatima."

Nikasikia mfuko wa plastiki ukikwaruza. Fundi aliuhamishia mkono wa pili.

"Yatima?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Si mama yake alifariki? Ndivyo binti mwenyewe alivyokuwa akisema. Alifariki zamani, yeye mdogo." Yule dada akamtazama vizuri. "Pole, jamani. Mlikuwa mnajuana na marehemu?"

"Tulikuwa karibu," fundi akasema. "Asante, mama. Endelea na kazi yako."

Tulitembea mpaka pembeni, penye ukuta wa mawe. Pale akasimama, akageuka kunikabili.

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Lakini uliniambia."

"Niliambiwa, fundi. Niliambiwa wamekubali..."

"Kwamba ananingoja sana. Hilo ulimsikia nani akilisema?"

Nimewahi kufukuzwa kazi kwa matusi ya kila namna, lakini hakuna tusi lililoniingia kama lile swali lililoulizwa kwa upole.

Tulimkuta Mama Faili karakanani, anahesabu mablanketi. Seremala alipotuona sura zetu akazima msumeno, akatoka nje kwa kisingizio cha kutafuta misumari.

"Umefika, mwanangu!" Mama Faili akafungua mikono.

Fundi hakuingia mle mikononi. "Mama, mdogo wangu yuko wapi?"

Mikono ikashuka. Mama Faili akanitazama mimi kwanza, kama mtu anayetafuta nani amevunja kikombe, kisha akakaa juu ya mbao.

"Nilikwenda ile ziara ya tatu," akasema. "Akanifungukia. Akasema hawezi. Mtoto shuleni walikuwa wanamcheka, analia kila siku, ndipo akamwambia aseme mama yake amefariki. Mwisho hata mtoto mwenyewe akaizoea. Akaniambia anahama, na akaniapisha nisimwonyeshe mtu anakohamia."

"Halafu ukaandika ndiyo," nikasema.

"Ningeandika nini? Ningeandika hapana, angekaa mle miaka miwili mingine! Mzee, wewe unaijua miaka miwili ya mle ndani?"

"Juu ya jina langu uliandika! Sahihi ni yangu!"

"Kwa sababu mpokeaji ni wewe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungemwambia."

"Ndiyo! Ningemwambia!"

Miaka sita nilikuwa nimefanya kazi na mama yule. Nilikuwa nimemwona akivua viatu vyake mwenyewe na kumpa mtu getini, akarudi pekupeku katika jua. Ni yeye aliyenifanya nikae mji mmoja muda mrefu kuliko mji wowote maishani mwangu, kwa sababu nilijiambia, hapa basi nimekuta mtu ambaye neno lake halina neno jingine chini yake. Na sasa alikuwa akikunja blanketi lililokwisha kunjwa.

"Nilitaka utoke tu," akamwambia fundi. "Mengine tungeyapanga ukiwa nje. Jumatatu mnakwenda kwa afisa wa uangalizi, mzee atasema unaishi kwa mdogo wako, basi. Huku tunakutafutia chumba polepole. Hakuna atakayejua."

"Mama, unajua nilipo sasa hivi?" fundi akasema. "Afisa akifika kwenye ile nyumba kunikagua, mimi ni mtoro. Narudishwa na miwili yangu, na mingine juu yake. Na atakayefungua mlango atamwambia nimekufa." Akavuta pumzi. "Ungenipa hiyo hapana nikiwa mle mle. Pengine ningechagua kutoka vilevile, nikalala popote. Pengine ningekaa. Lakini ningejua naingia wapi. Anakaa wapi mdogo wangu?"

"Nimeahidi, mwanangu."

"Umemwahidi yeye. Sawa." Akachukua mfuko wake. "Ofisi ya huyo afisa inafungwa saa ngapi?"

"Usiende leo," Mama Faili akasema, na sauti yake ikapasuka. "Utajirudisha mwenyewe. Utaua kikundi. Bodi haitapokea fomu yetu tena, na kuna watu kumi na mmoja wanangoja!"

Hapo fundi akasita. Niliona akiwafikiria wale kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwajua kwa sura, sisi tulikuwa nao kwenye faili. Kisha akatoka, na mimi nikamfuata, nikichechemea, bila kualikwa.

Afisa wa uangalizi alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi penye sikio. Alikuwa keshaanza kufunga madirisha. Fundi alikaa, akamweleza yote kwa mpangilio, hakumtukana mtu. Mimi nikasema yangu: kwamba ziara ya tatu sikwenda, na sahihi niliiweka bila kusoma. Afisa akaandika kwa muda mrefu.

"Unajua ninaweza kukurudisha leo hii?" akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kabla hujafunga."

Akavua miwani, akajisugua macho. "Siku kumi na nne. Utafute makazi ya kweli, nitakuja kuyaona kwa macho yangu. Leo nakuandikia bweni la akina mama. Kuhusu hicho kikundi, fomu zao zote nitazipitia upya. Sina njia nyingine."

"Nina chumba," nikasema. "Mimi nitalala karakanani. Niandike mimi nimsimamie."

Fundi hakugeuza shingo. "Huyu mzee hapana," akamwambia afisa. "Si mtu mbaya. Lakini hapana."

Afisa akarudi kwenye karatasi. "Una watoto?"

"Mmoja. Msichana, miaka kumi na minne." Akaweka vidole juu ya meza, kama anazuia kitambaa kisiteleze chini ya sindano. "Ameambiwa aseme nimekufa, na ameizoea. Naomba iandikwe hapo kwamba niko hai, na kwamba nimekuja kumuulizia, na tarehe ya leo. Kokote aliko, siku akitaka kujua, aikute."

Afisa akaandika. Akamsomea. Fundi akataka asomewe tena, kisha akatia sahihi, akapewa barua ya bweni.

Nje jua lilikuwa limelegea na watu wanatoka makazini. Nilinyosha mkono nimsaidie ule mfuko, akaurudisha upande wake. Tulisimama kwenye njia panda, yeye na viatu vyake vipya vilivyokwisha kupata vumbi.

"Hili bweni ni kushoto au kulia?"

Nilikuwa nimepita mji ule kwa miguu miaka sita, na kwa kawaida yangu ningeonyesha upande wowote kwa uhakika, mradi mtu asikae na wasiwasi.

"Sijui," nikasema.

Akanitazama usoni kitambo. Halafu akavuka barabara, akaenda kumuuliza mshona viatu wa upande wa pili.